Mlipuko wa Leander Uliokosa Hewa

Mdogo wangu Leander Broussard ni mtengeneza sauti za filamu hapa Burbank, mji wa studio za filamu. Mkiona mtu anatembea kwenye theluji, mnayemsikia ni Leander akiminya mfuko wa unga wa mahindi. Kazi hiyo kaianza nywele zake zikiwa nyeusi, na mwaka huu alikuwa anaiaga kwa filamu ya vyombo vya angani. Alitaka kuaga kwa kishindo: chombo kikubwa kinalipuka mwishoni.

Kishindo hicho alikitafuta uani kwangu majira yote ya joto. Alipiga mlango wa chuma wa jiko la kuokea la marehemu mama kwa mnyororo, akaviringisha pipa la mashine ya kufulia lililojaa mawe. Majirani wakanung'unika, nikawaambia wavumilie, fundi yuko kazini. Siku alipokipata, kunde zangu zilitikisika sahanini.

Kisha studio ikaleta profesa wa fizikia. Siku hizi filamu ya angani haitoki bila profesa, maana vijana wakitoka sinemani wanakwenda kuanika makosa mtandaoni.

"Angani hakuna hewa," profesa akamwambia mwongozaji. "Pasipo hewa hapana sauti."

Sauti ya mlipuko ikafutwa. Leander akaja kwangu uso umemvimba.

"Dada, chombo chao kinatoka nyota hii hadi ile kabla kahawa haijapoa, profesa kimya. Mlango wa jiko la mama ndio uliovunja sheria za ulimwengu?"

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Akacheka. Eti ile injini inayoupita mwanga kwa mbio, hadithi inaihitaji."

"Na kishindo haikihitaji? Sayansi ya huyo bwana ina mlango wa uani!"

Siku wafanyakazi walipoonyeshwa filamu, nilikaa kando yake. Chombo kikapasuka kimya; nilichosikia ni mtu nyuma yetu akitafuna bisi. Watu wa kazi hii hawainuki mpaka jina la mwisho la waliotengeneza filamu lipite kwenye skrini, nasi tukangoja. Jina la Leander likapita, wakampigia makofi. Hakuinua kichwa.

"Wananipigia makofi ya nini, dada? Ya bisi?"

Tuliporudi alikwenda moja kwa moja uani, hata koti hakuvua. Akausimamisha ule mlango, akaushushia mnyororo kwa nguvu zake zote. Mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Jirani akafungua dirisha.

"Mzee Leander, si ulisema kazi imekwisha?"

"Imekwisha," akajibu, anahema. "Lakini huku hewa ipo."

Akapiga tena.