Utani wa Langoni pa Korona

Shamba la mkonge halifi siku moja. Nililiona likifa, upande wa Kibaha, katika miaka ile ambayo bei ya singa, zile nyuzi za mkonge, ilianguka huko Ulaya, nasi tusiokuwa na habari ya Ulaya tukaanguka nayo. Kwanza waliondolewa wapaliliaji, na magugu yakapanda hadi vifuani mwa mikonge. Kisha ikaja zamu yetu sisi waanikaji. Nyaya tulizoanikia singa zikabaki tupu, zikivuma kwa upepo, na uwanja uliokuwa mweupe kama kichwa cha ajuza ukarudi kuwa udongo tu.

Kaka yangu alibaki. Yeye alikuwa mlishaji wa korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge na kutema singa upande wa pili. Mlishaji aliyezoea kurudisha mikono kabla meno ya chuma hayajaifikia hakuachishwa ovyo. Mshahara wake ulilisha nyumba yetu yote: mama na mkewe aliyekuwa mjamzito kule Mzenga, na mimi niliyekaa naye kambini. Ndio uliolipa kodi ya kichwa, yake na yangu. Kila asubuhi tulitoka pamoja kambini. Yeye akaingia kazini, mimi nikakaa nje ya lango na wenzangu walioachishwa, tukingojea kibarua ambacho hakikuja.

Mnyapara wa korona alikuwa Mnyamwezi. Sisi ni Wazaramo, na makabila haya mawili ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mpaka kaburini, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

"Mzaramo, kumbe umeamka!" mnyapara alikuwa akimwambia kaka asubuhi. "Nami nimekuja na sahani yangu, nikidhani leo nala ubwabwa wa matanga yako."

"Utakula nini wewe? Babu yako alifika pwani kabeba pembe ya ndovu, akaitia chunguni akidhani muhogo."

"Na babu yako akaja kuomba mchuzi wake!"

Siku moja mnyapara alimwapia kaka kwamba Mzungu mwenye shamba anamwita ampandishe cheo. Kaka akaoga, akaazima kanzu, akaenda kusimama barazani kwa Mzungu mpaka mbwa wakachoka kumbwekea. Shamba zima lilicheka. Na ile "leo nakufukuza kazi" ilikuwa kama salamu baina yao.

Basi Alhamisi moja, watu walipokuwa wakitoka, nguo zao zikinuka maji machungu ya mkonge, mnyapara alimsimamisha kaka langoni mbele yetu sote.

"Mtani," akasema, "kazi yako imekwisha. Jumatatu usije."

Watu walianza kucheka kabla kaka hajajibu.

"Nisipokuja, nani atakufundisha kushika jani? Utalitafuna wewe."

"Sikiliza. Jumamosi alfajiri nenda stesheni. Mvua imebomoa tuta la reli, na mkubwa wa genge anatafuta watu. Anataka wachache tu. Uwahi."

"Nivae kanzu?" kaka akauliza.

Kicheko kilichopasuka pale kiliwarusha kunguru waliokuwa juu ya paa la korona. Mnyapara alitutazama, akafungua kinywa, akakifunga. Barazani pa ofisi, nyuma yake, karani wa Mzungu alikuwa amesimama akitusikiliza. Ndipo mnyapara naye akacheka kidogo, kicheko kikavu, akasema, "Haya, Mzaramo, kafie mbele," akaenda zake.

Njiani nilimwambia kaka kwamba huenda yule mtu alisema kweli.

"Yule? Anataka nikasimame stesheni kama mzigo uliosahauliwa, apate la kusema mpaka Idi."

"Lakini hakucheka, kaka."

"Mtani akicheka kabla yako, utani umeharibika. Hata hilo hulijui?"

Nililijua. Ndiyo maana sikumhimiza tena. Jumamosi korona ilipumzishwa, na kaka alishinda mlangoni pa kibanda chetu akisuka mkeka wa mtoto aliyekuwa njiani.

Jumatatu tulikuta lango limefungwa kwa mnyororo. Karani alitangaza kutoka barazani kwamba korona imesimamishwa na kila mtu arudi kwao, akaingia ndani. Mnyapara alikuwa ameketi chini, amekumbatia furushi lake. Naye alikuwa ameachishwa.

"Hukwenda?" akamwuliza kaka.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli?"

"Mzungu alitukataza kutoa habari kabla ya leo. Mbele ya karani ningesemaje? Nilipitia mlango niliokuwa nao, wa utani."

"Ungeapa!"

"Nikuapie mimi? Tangu lini ukaamini kiapo changu?"

Kaka aliinua mkono, na mkono ukabaki pale juu. Aliyekukosea utampiga, utamshtaki, au utamsamehe. Mtani hakukosei, kwa hiyo hapana pa kuanzia. Mkono ule ulishuka wenyewe, taratibu, kama wa mtu mwingine.

Tulikwenda stesheni mbio. Genge lilikuwa limejaa tangu Jumamosi. Watu wa Vihingo na wa kwingineko walikuwa wameinama juu ya tuta, wakishindilia mawe, na nyundo zao zililia kwa furaha ambayo sikuweza kuisikiliza. Mkubwa wa genge hata hakuinua kichwa.

"Mimi ni mlishaji wa korona," kaka alimwambia.

"Hapa unaona korona?"

Tulijaribu Tangini, kwa wachoma mkaa. Tukakuta wachomaji ni wengi kuliko miti. Tukarudi Mzenga. Mihogo ilikuwa imechimbuliwa na nguruwe, na mama alipotuona tumebeba mikeka na vyungu vya kambini alikoka moto. Mnyapara, nilisikia, alishika njia ya bara kwa miguu, akifuata reli.

Msimu wa kodi ulipofika, kaka hakuwa na cha kutoa. Tarishi wa jumbe alikuja kumchukua akapasue mawe ya barabara ya Kisarawe, alipe kodi kwa mgongo wake. Zamu yangu ilikuwa nyuma yake. Shemeji alijifungua kaka akiwa huko.

Nilimpelekea ugali wa muhogo na habari kwamba mtoto ni wa kike. Aliitikia kwa kichwa. Alikula kwa ncha za vidole, kwa sababu viganja vyake, vile ambavyo meno ya korona hayakuwahi kuvigusa, vilikuwa vimechunika vyote. Alipomaliza aliniuliza kama nimepita shambani, na kama mashine imewashwa.

Nikamwambia bado.

Alikung'uta makombo mapajani, akarudi kwenye mawe.