Maji ya Kupimia Baiskeli

Siku ya kwanza kazini nilipewa shuka, si mtoto. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kipaimara, nimejipaka mafuta mpaka nang'aa, nikidhani nitakabidhiwa kichanga nikipakate. Sista Mkuu wa hospitali ya misheni pale Masasi, mwanamke wa Kizungu mrefu, mkavu, akanikagua kucha, akanikagua na masikio, kisha akanionyesha rundo la shuka zilizotoka wodi ya wazazi.

"Fua," akasema. "Ukizimaliza bila kutapika, kesho njoo tena."

Nilizimaliza. Nilitapika, lakini nilikwenda kutapikia nyuma ya jiko, hakuniona. Kesho yake nikarudi. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya ukunga, nyinyi wajukuu mnaosomea kwenye madarasa yenye feni. Waingereza walikuwa bado wanatawala, mimi shule yangu iliishia kujua kusoma na kuandika jina, na hospitali ikanifundisha mengine yote kwa macho na mikono.

Sisi tulimwita mwanamke anayejifungua "mzazi". Tulifundishwa kushika tumbo lake kwa viganja viwili na kujua kichwa kiko wapi na matako yako wapi. Tulifundishwa kusikiliza moyo wa mtoto kwa pembe, kale kachombo ka mti kenye mdomo mpana. Upande mmoja unauweka tumboni, mwingine unatia sikio. Moyo wa mtoto unakwenda mbio kama kuku aliyekimbizwa. Ukisikia unapunguza mwendo, hapo usikae kupiga soga. Na kondo la nyuma lisipotoka, usilivute kama unavuta ndoo. Nimeona waliovuta. Sitaki kusema zaidi.

Baada ya miaka ya shuka na pembe, Sista Mkuu akanipandisha uwandani, kule juu ya mlima, zahanati ya Kitangari, niwe mkunga msaidizi. Niliolewa hukohuko na Baba Filipo, mwalimu wa katekisimu, mtu mpole ambaye hata mbuzi wake walikuwa wanamdharau. Nyumba yetu ilikuwa mbali na zahanati, na wazazi waliokuwa wakiniita walikuwa mbali zaidi. Barabara za uwandani kwetu ni mchanga. Unapiga hatua mbele, mguu unazama, nusu ya hatua inarudi nyuma. Mkubwa wangu pale, Bwana Dresa, yule anayefunga vidonda na kutoa vidonge, alikuwa na baiskeli ya zahanati, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa, vizuri kuliko alivyofuta sindano.

Basi nikawa nachelewa. Naitwa, nakimbia, nafika nimeloa jasho, na mtoto ameshazaliwa, amepokewa na mashangazi kwa wembe wa kunyolea. Wengine wakaishi, namshukuru Mungu. Mmoja hakuishi. Kitovu kiliingia uchafu.

Sista Mkuu alipanda kutukagua kiangazi hicho, ndani ya lori la misheni, vumbi limempaka mpaka kope. Hakukaa hata kitini.

"Agnesi, nimewauliza wanawake. Wanasema ukifika mtoto ameshakoga. Sasa unakwenda huko kufanya nini? Kunywa uji?"

"Ni mchanga, Sista. Miguu yangu ni miwili tu."

"Basi mvua zikianza nitarudi. Nikikuta bado unafikia uji, nakurudisha Masasi kwenye shuka. Hapa nitaleta mwingine mwenye miguu zaidi."

Bwana Dresa akacheka kwa pua. Mimi sikucheka. Nilijua mimi ni mkunga. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu, na sasa nitaambiwa nirudi nikafue.

Usiku ule nikamwambia Baba Filipo nataka baiskeli. Akakuna goti.

"Watu watanicheka, mama. Watasema mwalimu anatembea, mkewe anaendesha."

"Watacheka mpaka wake zao washikwe na uchungu."

Akakubali. Mpya hatukuiweza hata kwa ndoto. Lakini Newala kulikuwa na mnunuzi wa karanga, Baba Mwanaisha, Myao mwenye maneno matamu, aliyesemekana anauza baiskeli yake kuukuu kwa bei ya kuitupa. Baba Filipo alikuwa na mazishi siku ya kwenda, kwa hiyo akanifundisha nyumbani jinsi ya kupima baiskeli iliyotumika, kama mnavyofundishana leo kupima simu. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, sikiliza gololi, vile vitufe vya chuma vilivyo ndani ya kitovu cha gurudumu. Zikisaga kama meno ya mgonjwa, acha. Tazama gurudumu linavyokwenda: likicheza kushoto na kulia, limekunjwa. Vuta cheni. Bana breki. "Na mwisho kabisa," akasema, akaninyooshea kidole kama mtoto wa katekisimu, "mwambie akutolee mpira wa ndani, autie upepo, auzamishe kwenye beseni la maji. Kama umetoboka utaona mapovu. Bila hivyo usinunue. Umesikia?"

Nimesikia.

Newala nilifika jua likiwa kali. Baba Mwanaisha akanipokea vizuri, shikamoo, marahaba, habari za Kitangari, na baiskeli ameiegemeza ukutani. Ilikuwa ya kiume, yenye bomba la katikati, rangi nyeusi iliyobabuka, na imelala kidogo upande wa kushoto kwa kubeba magunia ya karanga miaka mingi.

"Mbona imeinama?" nikauliza.

"Hiyo si kuinama, mama. Hiyo ni heshima. Imebeba watu wazima na mizigo, sasa inasalimia."

"Mimi nitaendesha, sitapigiwa magoti."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Nikainua gurudumu, nikazungusha. Gololi zilikuwa nzima, zinalia taratibu kama paka anayekunwa. Gurudumu la nyuma lilicheza kidogo, si sana. Cheni ilikuwa nzuri. Breki ilishika upande mmoja, mwingine ilibembeleza. Nikajisafisha koo nidai beseni.

Hapo ndipo akaingia mke wake, Mama Mwanaisha, anatoka bondeni.

Nyinyi mliozaliwa na bomba mlangoni lazima niwaeleze. Uwandani hakuna maji. Kuna mchanga, mihogo, mikorosho, upepo mzuri, lakini maji yako chini kabisa, bondeni. Wanawake walikuwa wanashuka jogoo wa kwanza, wanasubiri kisima kitoe, wanapanda mlima na mtungi kichwani, wanafika jua limeshapanda. Mtungi mmoja huo ndio wa kupikia, wa kunywa, wa kunawa uso. Kiangazi watu walikuwa wanakoga kwa kisahani. Mama Mwanaisha aliingia na ngata bado kichwani, shingo imekakamaa, miguu myekundu kwa vumbi. Akatua mtungi. Hajakaa, hajanywa yeye, akachota kata, akapiga goti, akaniletea mimi mgeni.

"Karibu maji, dada."

Sasa niambieni. Nilikuwa niseme nini? "Asante, naomba na beseni la maji ya kuzamishia mpira"? Mwanamke wa uwandani hasemi hivyo. Heri aseme anataka kuku wako. Nilipokea kata kwa mikono miwili, nikanywa mpaka mwisho, nikarudisha, nikashukuru. Kisha nikamwambia Baba Mwanaisha nainunua. Naye akashukuru haraka, haraka mno, ningekuwa na akili ningejiuliza.

Nilisukuma baiskeli mpaka Kitangari. Nilipofika gurudumu la mbele lilikuwa limelala chini kama mkate uliokanyagwa.

"Ulitia majini?" akauliza Baba Filipo.

"Maji nilipewa."

"Ukayafanyia nini?"

"Nilikunywa."

Mwalimu wangu mpole akakaa chini kabisa, akacheka machozi yakamtoka. "Mama Filipo," akasema, "umekunywa kipimo!" Mpaka alipokufa, mimi nikikosea jambo lolote ananiuliza, umekunywa kipimo?

Nikajifunza kuendesha. Nilianguka kwenye mihogo, nilianguka kwenye majivu, nilimwangukia mbuzi. Kwa sababu ya lile bomba nilikuwa napandisha gauni la sare na kufunga kanga kiunoni juu ya kaptura ya mume wangu. Wanaume wakiniona wananipigia kelele: "Mama mkunga! Unakwenda kuzalisha au kuzaliwa?" Nami nawajibu, "Nakwenda kwenu, mama yako kapata mimba tena!" Wenzake wanamcheka. Mpira wa mbele nilikuwa naujaza kwa pampu asubuhi, njiani naujaza tena, nikifika naujaza. Tulilitafuta tundu kwa sikio, kwa shavu, kwa mate. Hatukulipata. Maji ya beseni hatukuwa nayo, na kuomba kwa jirani tuliona aibu. Lakini nilikuwa nafika. Nilianza kuwahi watoto.

Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kujikusanya niliposikia naitwa kijiji cha ukingoni, mbali, mzazi wa mimba ya kwanza, ana uchungu tangu jana. Nikafunga mfuko wangu wa uzazi kwenye keria, pembe, mkasi uliochemshwa, uzi wa kitovu, sabuni, pamoja na pampu, gundi, msasa, viraka na vijiko viwili vya kung'olea tairi, nikaondoka. Katikati ya njia gurudumu likaisha upepo. Nikapampu. Likaisha papo hapo, napampu huku linatoka. Nikapampu mpaka mpini wa pampu ukawa wa moto. Nikashuka, nikakaa kwenye mchanga. Kwa miguu ningefika wakati wa uji. Na mvua zilikuwa zinakuja, na Sista nyuma yake.

Wakanikuta wanawake wanapanda kutoka bondeni, mstari mmoja, mitungi kichwani. Mbele yao bibi mmoja mzee, mwenye ndonya, kile kigingi cha mdomo wa juu walichokuwa wanavaa bibi zetu. Nikamwamkia.

"Marahaba. Umekaa hapa kama mwenye msiba. Kuna nini?"

Nikamweleza. Mzazi, mpira, tundu lisiloonekana.

"Linaonekanaje?"

"Kwa maji, bibi. Likizamishwa linatoa mapovu."

Akashika mtungi wake kwa mikono miwili, akautua mbele yangu. Mtungi wenyewe ulikuwa wa mdomo mpana. Wenzake wakapiga kelele.

"Bibi! Maji ya kunywa hayo!"

"Bibi, utakunywa mpira?"

"Mzazi mwenyewe unamjua?" mwingine akauliza.

"Simjui," akasema bibi. "Hata yeye mtoto hanijui. Wewe, mkunga, zamisha."

Nilitoa mpira kwa vijiko viwili, nikautia upepo, nikauzamisha kidogo kidogo kwenye maji ya mwanamke aliyeamka jogoo wa kwanza. Yakaja mapovu. Tundu lilikuwa chini ya kiraka cha zamani, kiraka cha Baba Mwanaisha, kilichoachia ukingoni. Siku zote tulipita juu yake tukijua pale pameshazibwa! Nikakibandua, nikakausha kwa kanga, nikasugua kwa msasa, nikapaka gundi, nikabandika kipya, nikakibana kwa kisigino huku nahesabu pumzi zangu. Gurudumu likajaa. Likakaa.

Bibi akatazama mtungi wake, maji yamekuwa na vumbi na harufu ya tairi. Akajitwisha tena vilevile.

"Yatafaa kwa mihogo," akasema. "Nenda."

Nilifika. Mtoto alikuwa ametanguliza matako. Kazi ile sitawaeleza yote, lakini mama alipona na mtoto alipona, na uji nilikunywa baadaye, nikiwa nimeustahili.

Sista Mkuu aliporudi, barabara zikiwa tope, alikwenda mpaka ukingoni kumtazama yule mzazi. Alimuuliza, nimesimama nasikia, "Mkunga alikukuta vipi?" Yule binti akajibu, "Alinikuta nataka kufa." Sista akanigeukia, akaitazama baiskeli yangu iliyoinama.

"Imepinda," akasema.

"Inasalimia, Sista."

Alicheka, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akicheka. Shuka zikapata mwingine.

Yule bibi nilimrudishia. Si fedha, angenitukana. Mara kwa mara siku nisiyo na zamu nilishuka bondeni, nikafunga madebe mawili kwenye keria, nikasukuma mlima wote, nikayatua mlangoni kwake. Kila mara alichungulia ndani ya debe kwanza na kuuliza, "Umeshatia mpira humu?" Tukawa tunacheka. Alikufa kabla ya uhuru. Kaburini kwake nilimwagia maji, watu wakashangaa ninamwaga maji bure kiangazi.

Nilifanya kazi mpaka macho yalipoanza kuona nyuzi mbili za kitovu badala ya mmoja. Hapo nikasema basi, nisije nikakata kidole cha mtu. Nimezalisha watoto, nimezalisha na watoto wa hao watoto, na wengine wananiamkia njiani na mvi kichwani. Najivuna, ndiyo. Nani mwingine anijivunie, Baba Filipo hayupo.

Siku hizi bomba limefika kwangu. Nimeweka beseni kubwa barazani, limejaa maji siku zote. Vijana wenye baiskeli na pikipiki wanajua. Juzi alikuja mmoja anasukuma baiskeli iliyotumika aliyotaka kununua, mwenye baiskeli anamfuata nyuma kwa wasiwasi. Kijana akasimama mbali na beseni, ananiangalia, anaona haya kuomba.

Nilichota bakuli bombani, nikampa. Akanywa mpaka mwisho, akashukuru, akageuka kuondoka.

"We kijana," nikamwita, "rudi. Hayo yalikuwa yako. Haya ya beseni ni ya mpira."