Akioa Atatulia

Msimu wa karafuu ulipofika, wanawake wa mtaa wetu, nyuma ya Madungu, walikuja uani kwetu jioni kuchambua, karafuu upande huu na makonyo, vijiti vyake, upande ule. Lakini hawakuja kwa ajili ya karafuu tu. Kila mmoja wao alikuwa na mlevi nyumbani, awe mume au mtoto. Aliyeanza kuwaita ni mama yangu, baada ya baba kuja maulidini na tembo kichwani akaanguka mbele ya mashehe. Aibu yetu ilikuwa imeshajulikana na kila mtu, basi mama akaona wenye aibu za siri waje wasitirike kwake.

Zilikuwa zama za siasa. Watu walikuwa hawazikani kwa sababu ya vyama, lakini kwenye mkeka ule wa kuchambulia karafuu walikaa wa vyama vyote. Huyu akilia, yule anambembeleza, na asiye na unga hupelekewa uji wa watoto bila ya kuomba. Sharti lao lilikuwa moja tu, kwamba linalosemwa mkekani halitoki. Sikatai, walisaidiana, tena kwa moyo safi. Ndiyo maana hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Mimi nilikuwa mwari, natawishwa ndani. Jirani yetu mmoja, katika hao hao wa mkekani, alikuwa na kijana wake anayeanza tembo asubuhi. Nilimsikia kwa masikio yangu akisimulia namna mwanawe huyo alivyompiga mpaka jino likang'oka. Haukupita muda akaleta posa, na aliyeposwa ni mimi.

Baba alikubali palepale, maana kijana alikuwa mnywaji mwenzake. Mama aliomba asubiriwe, nikashusha pumzi. Kumbe alitaka kwanza kulipeleka neno mkekani. Wanawake wale, wenye alama za waume zao miilini, wakaichambua posa yangu pamoja na karafuu. Wakasema kijana si mbaya, ule ni utoto, akioa atatulia. Mama akaitikia kwa kichwa.

Niliyasikia yote kutoka ndani. Mwari hasemi mbele ya wakubwa, seuze kuisemea posa yake mwenyewe. Mimi nilitoka ndani nikasimama mbele yao, nikaanza na yule mwenye kovu shavuni.

"Na mumeo weye, bi mkubwa, si walisema akioa atatulia? Katulia?"

Aliinamia karafuu zake. Nikamgeukia aliyekaa karibu yake, kisha mwingine, swali ni hilo hilo. Mwisho nilifika kwa mama, nikamuuliza na yeye.

"Hajatulia," mama akasema. Kisha akamwambia jirani, kwa upole, kuwa posa anairudisha. Baba alifoka sana, lakini mama hakurudi nyuma.

Wanangu wakinisikia mpaka hapo hunisifu, wakasema nilishinda. Nilishinda nini? Jirani aliipeleka posa ile kisiwani Fundo, kwa watu wasiomjua mwanawe. Wazee wa Fundo wakaja kupeleleza kama ilivyo ada, wakapita nyumba kwa nyumba kuuliza tabia za kijana. Wanawake wa mkekani wakajibu, mmoja mmoja, kwamba hawajui ubaya wake. Mama yangu naye akajibu hivyo hivyo. Nilitaka kuwatokea wazee wale niseme. Mama akanisukuma chumbani akatia komeo.

"Si weye tena," aliniambia nyuma ya mlango. "Wataka nini?"

Nilipiga mlango mpaka mikono ikavimba. Aliponifungulia, wageni walikuwa wameshakunywa kahawa wameondoka.

Msimu uliofuata jirani alikuja na mke wa mwanawe. Alikuwa mtoto kuliko mimi, ana mimba, na jicho moja halifunguki. Wanawake walisogea wakampa nafasi. Mmoja alimfuta machozi kwa upindo wa kanga yake, mwingine akamweleza, kwa huruma ya kweli, ajifunze kulala karibu na mlango. Mama alimmiminia karafuu mbele yake, akamwambia asiogope, hapa yuko na wenziwe.

Yule mtoto akawashukuru.