Baada ya Kuugua kwa Muda Mfupi

Kamati ya Wilaya ya Kupambana na Ulevi na Dawa za Kulevya, katika kikao kilichofunguliwa kwa sala na kufungwa kwa chakula cha mchana, iliridhika na kuutangazia umma kwamba kuanzia Januari hadi Septemba hakuna mkazi hata mmoja wa Nsakyeamu aliyefariki kwa sababu ya pombe au vidonge. Tangazo lilipigwa muhuri mara mbili na kubandikwa kwenye ubao wa sokoni. Nafasi ilipatikana kwa shida, kwa kuwa ubao ulikuwa umejaa mabango ya misiba.

Aliyeharibu furaha hiyo ni Adwoa Frimpomaa, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi cha redio ya mji wetu. Ana miaka thelathini na nne, minane kati yake ameitumia kutuamsha sisi sote kwa sauti iliyokwaruzika kidogo, kama mtu aliyemeza uji wa moto. Hana mume. Ana mama wa kumtunza, na alikuwa na mdogo wake, Yaw Ampem, aliyefariki mwezi Machi akiwa na miaka ishirini na sita, kama bango lake lilivyosema, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Siku moja baada ya tangazo la Kamati, Adwoa alisema hewani, bila karatasi mbele yake, kwamba vijana wa mji huu wanakwisha kwa gongo na vidonge vya tramadoli.

Kufikia saa nne asubuhi barua ya Kamati ilikuwa mezani kwa meneja wake, Bwana Dapaah. Mtangazaji alete ushahidi, au aombe radhi hewani.

"Umesema 'wanakwisha,'" Dapaah alimwambia. "Wamekwisha wangapi?"

"Bosi, si hata wewe unawaona?"

"Macho yangu si chanzo cha habari. Nataka namba, na nataka vyanzo viwili. Ijumaa saa sita usiponiletea, utaomba radhi, na Jumatatu kipindi nampa yule wa michezo."

"Yule anayesoma matokeo ya juzi?"

"Hata kama ni ya juzi, ni ya kweli."

Ilikuwa Jumanne. Adwoa alianzia pale ambapo raia mwema huanzia, ofisini. Katibu wa Kamati, Bwana Oteng-Darko, ni mtu wa adabu ambaye hajawahi kumfokea mtu, kwa sababu hajawahi kumjibu. Alimfungulia fomu ya wilaya mezani. Ilikuwa na safu ya malaria, ya uzazi, ya ajali, ya kuumwa na nyoka, na ya mwisho iliyoitwa Mengineyo.

"Safu ya pombe iko wapi?"

"Haipo, dada yangu. Ndiyo maana jumla yake ni sifuri."

"Na hii Mengineyo?"

"Hamsini na wanne."

"Walikufa kwa nini?"

"Kwa mengineyo," alisema katibu, akaifunga fomu taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Hospitalini karani alikuwa mwepesi zaidi wa kusaidia. Alimwonyesha daftari lote, na kwa kila kijana sababu ilikuwa moja: moyo kusimama. "Huo ni ukweli mtupu, dada," alisema. "Hajafa mtu hapa moyo wake ukiendelea."

Jumatano alikwenda kwa chifu. Hapo alifanya kosa ambalo hata mtoto wa shule ya chekechea hapa kwetu asingelifanya. Kwa kuwa alikwenda kuuliza habari za ulevi, alifikiri ingekuwa jambo la heshima kwenda na katoni ya soda ya kimea. Msemaji wa chifu, Opanin Gyasi, aliitazama katoni ile kama mtu aliyeletewa mzoga.

"Hii ni nini?"

"Opanin, nimekuja kwa habari ya pombe, nikaona..."

"Umeona nini? Wazee waliolala ardhini tuwamwagie sukari? Wewe binti umezaliwa wapi?"

Alirudishwa sokoni akanunue shinapsi, ile pombe kali ya kutambikia, chupa mbili, kama ilivyo desturi. Alipozileta, mambo yalikwenda vizuri. Opanin Gyasi alimwaga matone matatu chini, akawasihi mababu waiondoe roho ya ulevi miongoni mwa vijana, na baraza likaitikia kila sentensi. Kilichobaki kwenye chupa kiligawanywa kwa wazee kufuatana na vyeo. Chupa ya pili ilipofikia nusu, Opanin alimjibu rasmi kwamba katika ardhi ya Nana, yaani chifu, hakuna walevi. Alilisema hilo mara nne, na mara ya nne alimwita Adwoa kwa jina la marehemu bibi wa binti huyo.

Alhamisi asubuhi alikuwa amekaa kwenye benchi la Maame Konadu, anayeuza gongo nyuma ya kituo cha mafuta. Maame alikuwa anapanga glasi.

"Mwanangu, mimi sihesabu. Nikihesabu sitalala. Ila nakwambia hivi: mteja wangu akifa, lazima niende msibani, huo ndio ubinadamu. Zamani nguo yangu nyeusi ilinikalia miaka mitano. Hii unayoiona hapa kwenye kamba nimeishona baada ya Pasaka, na tayari imepauka."

"Utanisemea hayo kwenye redio?"

"Mimi? Ili wanifungie?" Alicheka mpaka glasi moja ikaanguka. "Nenda kwa Agya Sapon. Mimi naanza tu kazi, anayeimaliza ni yeye."

Agya Sapon ndiye anayewachapia mabango ya msiba wale wasiomudu mashine kubwa za Kumasi. Ana fremu tatu za mbao zilizowambwa kitambaa cha kuchapia, kila moja na kichwa chake cha habari. Ya kwanza ni WITO WA UTUKUFU, kwa marehemu wa zaidi ya miaka sabini. Ya pili ni TANGAZO LA HUZUNI, kwa wa katikati. Ya tatu ni MSHTUKO ULIOJE, kwa vijana. Adwoa aliziona zimetundikwa ukutani. Ya kwanza ilikuwa nyeupe kama siku iliyonunuliwa. Ya tatu ilikuwa imejaa viraka.

"Agya, wewe wanakwambia sababu?"

"Lazima waniambie. Familia ikija kwangu inakuwa bado haijakubaliana maneno. Wanabishana hapo hapo ulipokaa. Na watu hawawezi kukubaliana kuhusu uongo, Adwoa, mpaka kwanza wautaje ukweli."

Alitoa daftari la shule chini ya mkebe wa wino. Kila bango lilikuwa na mstari wake, na kando ya baadhi ya mistari kulikuwa na mchoro mdogo wa chupa, au wa kidonge, au vyote viwili. Alikuwa ameanza kuchora hivyo, alisema, kwa sababu mtu mmoja lazima akumbuke. Alifunika majina kwa kipande cha kadibodi, akamwacha ahesabu michoro. Kuanzia Januari hadi Septemba, thelathini na moja.

"Namba chukua. Majina hapana. Wakijua nimetoa jina hata moja, hawatanieleza tena, na mimi nitabaki nachapa uongo nisioujua."

"Sawa, Agya. Lakini meneja anataka chanzo cha pili. Mtu wa familia. Nielekeze hata mmoja atakayekubali kusema. Huyu wa Machi, mwenye chupa na kidonge, ndugu zake ni akina nani?"

Agya Sapon alifuta wino mikononi.

"Wa Machi ulimleta wewe," alisema. "Mjomba wako, Wofa Nimako, alitaka tuandike ajali. Wewe ukasema hapana, watu watauliza gari gani. Ukasema tuandike 'baada ya kuugua kwa muda mfupi.' Nikakuuliza muda mfupi kiasi gani. Ukaniambia, tangu saa nne hadi saa sita."

Adwoa alikaa hapo mpaka wino wa bango lililokuwa kwenye kamba ukakauka. Kisha akaondoka bila kuaga, jambo ambalo si kawaida yake.

Ijumaa asubuhi, ndani ya kipindi chake, alisoma hewani namba thelathini na moja. Akasema chanzo cha kwanza hakitajwi. Chanzo cha pili, alisema, ni dada wa mmoja wao, aliyekuta pakiti tupu na chupa chini ya mto wa mdogo wake, na ambaye ndiye aliyeupa uongo maneno yake kwenye bango. Mdogo wake aliitwa Yaw Ampem. "Dada huyo ni mimi," alisema. Kisha akasoma bei za nyanya, kama ratiba inavyotaka.

Wofa Nimako alipiga simu kabla nyanya hazijaisha. "Umetuvua nguo sokoni!"

"Wofa, kipindi kinaendelea."

"Nani atamwoa binti wa nyumba hii sasa?"

"Hata kabla hawakuja, Wofa."

Bwana Dapaah alimwachia kipindi, kwa kuwa vyanzo vilikuwa viwili na yeye ni mtu wa kanuni. Radhi haikuombwa. Kamati ilikutana kwa dharura, ikachunguza suala zima kwa makini, na ikatoa tangazo la pili: kwamba madai ya mtangazaji yamekanushwa na waraka wa wazi, yaani bango la marehemu Yaw Ampem, ambamo familia yenyewe ilithibitisha kuwa alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kwa hiyo jumla inabaki sifuri. Nakala ya bango iliambatanishwa.

Wiki hiyo hiyo Agya Sapon alikwenda Kumasi kununua kitambaa kipya cha fremu ya tatu. Ya kwanza, ya wazee, bado ina kile cha siku alipofungua duka.