Mama yangu amekuwa mhanga wa vita bila kutoka Kigoma

Wakuu, mwakeye.

Haya yametokea kwangu mwenyewe. Anayedhani ni chai, aje Kigoma nimwoneshe mama.

Tulipanga Rusimbi miaka tisa, mimi na mama. Miguu yake imechoka, ila jirani yetu Mama Furaha, aliyevuka ziwa kutoka Kongo zamani, ndiye alikuwa anamshika mkono kumpeleka zahanati nikiwa kazini.

Basi hali ng'ambo ikachafuka. Wakimbizi wakaja, mashirika yakaja. Wakimbizi wakapelekwa kambini. Mashirika yakabaki mjini na sisi, maana kambini hakuna AC.

Mwenye nyumba akaja anacheka peke yake. "Kijana, shirika limeipenda nyumba." Mwezi haujaisha tukawa tumehamia mtaa wa Kasingirima. Mama analia, Mama Furaha analia, mimi nabeba godoro. Iliniuma jamani, nisiwafiche.

Siku moja akaja dada mpole na kishikwambi, wa shirika lilelile. Anafanya utafiti wa "jamii mwenyeji". Ndo sisi hao, wenyeji tusio na pa kukaa.

"Shikamoo bibi. Nini kilikufanya uhame makazi yako ya awali?"

"Marahaba. Shirika."

Dada akatafuta weee. Mle kwenye orodha kuna vita, mafuriko na njaa. Shirika halimo, na bila kuchagua swali linalofuata halifunguki. Akabonyeza vita.

Nikamuuliza, vita ipi tena? "Kaka nisaidie, nimebakiza kaya kumi." Nikamhurumia, nikanyamaza.

Wiki mbili baadaye mama akaitwa kwenye kikao cha wahanga wa vita. Wapi? Sebuleni kwetu Rusimbi, sasa ofisi yao! Soda zipo, sambusa zipo. Mwezeshaji akamuuliza anahitaji nini ili moyo utulie.

Mama akasema, "Nataka kurudi kwangu."

"Kwako ni wapi, bibi?"

Akanyoosha kidole kwenye mlango wa chumba chake. Sasa chumba kile kiko upande wa ziwa. Ukumbi mzima ukatazama ziwani, vichwa vikatikiswa kwa huruma. Mwezeshaji akaandika ubaoni: ANATAKA KURUDI KONGO.

Wakapiga makofi. Jumatatu wanakuja kumwandikisha.

Funzo: huruma yako isikufanye umnyamazie mtu anayejaza fomu.

Nishaurini wakuu, matusi pia napokea. Na mwenye nyumba ya kupangisha karibu na Mama Furaha aje PM. Ila isiwe nzuri sana, wasije wakaipenda.