Kaburi Nyuma ya Goli

Habari ilinifikia Kibiti mjini nikisubiri chapati: yule mwenye duka wa Mbuchi amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua mimi si mtu wa kulia hadharani, lakini siku hiyo nililia, na mama muuza chai akanifutia meza. Marehemu alikuwa Mhindu, mzaliwa wa Mbuchi kama mimi, wa mwisho katika ukoo wake kubaki na duka kwenye delta. Tulimwita Kaka hata alipojaa mvi. Duka lake tulilipenda, ila kilichomfanya awe wetu ni timu ya mpira.

Timu yenyewe haijawahi kuwa kubwa. Ilianzishwa na wavuvi na wakulima, na uwanja wake ni shamba: mpunga ukishavunwa, mabua yanafyekwa, magoli ya miti ya mikoko yanasimamishwa, ligi inaanza. Imetoa mabeki wagumu na mshambuliaji mmoja aliyefika kucheza Dar es Salaam, ambaye mpaka leo kila mtu hudai ni ndugu yake. Kaka hakujua kupiga mpira. Adhana ya alasiri ikisikika katikati ya mechi, mpira uliachwa palepale ulipofika, wachezaji wa pande zote wakaenda kuswali, naye akaingia uwanjani na kiti chake na kukaa kando ya mpira mpaka warudi. Hata mbuzi hakupita. Siku moja wageni kutoka Bungu walikuwa nyuma kwa bao, na mpira ulikuwa wao, karibu kabisa na goli letu. Adhana ikalia, nahodha wao akasita kutoka. "Mzee huyu si wa kwao?" akauliza. Kaka akamjibu, "Wa hapahapa. Nenda kaswali, mwanangu, mpira wako utaukuta." Aliporudi aliukuta, akafunga, tukatoka sare. Tulimnunia Kaka wiki nzima, naye akaendelea kucheka na kutupimia sukari.

Basi alipofariki, vijana wa timu walifanya kinachofanywa kwetu mtu akifa: walibeba majembe bila kuambiwa. Walijua makaburi ya Waislamu hayamhusu, wakafikiri weee, wakaenda kuchimba nyuma ya goli la upande wa mto. Hakuna aliyekumbuka kwamba watu wa Kaka hawaziki, huchoma maiti wao. Mkewe alifia Dar es Salaam na shughuli yake ikafanyika hukohuko, sisi tukapeleka rambirambi tu. Nilipofika, mwanawe alikuwa ameshateremka kwenye boti kuja kumchukua baba yake, amesimama mbele ya shimo.

"Tusamehe, ndugu yetu," nahodha wetu alimwambia, udongo umemjaa mikononi. "Sie tulitaka alale hapa. Tusimkose."

Mwanawe hakukasirika. Alikaa chini kwenye udongo ule akalia kwa sauti, na vijana wakalia naye. "Baba lazima aende," alisema hatimaye. "Kwetu hatuna kaburi. Ila majivu nitayaleta, aliniambia yaingie mto huu." Kisha akaomba jembe, akafukia pamoja nasi mpaka pakasawazika. Tukambeba marehemu kuvuka uwanja wote hadi kwenye boti, tukipokezana mabega kama tunavyofanya kwa mzee wetu yeyote.

Siku hizi nasikia watu, hata huku kwetu, wakiuliza kwanza mtu ni wa dini gani na babu yake alitoka wapi, ndipo waamue kumwamini. Sisi tulimwamini Kaka kabla ya maswali hayo, na hilo najivunia. Linaloniuma ni kwamba tulistarehe mno na kule kumwamini hata hatukumuuliza lolote. Majivu yalipoletwa timu nzima ilipanda mitumbwi, na maji yakayachukua upesi kuliko nilivyotaka. Hakuna aliyejua la kusema wala wakati wa kuondoka, tukawa tunamtazama mwanawe usoni kama wageni. Kama una jirani wa namna hii, msomaji wangu, nenda leo ukamuulize anataka kuagwa vipi. Sisi tulikuwa na umri mzima wa kumuuliza, tukaja kujua shimo likiwa limeshachimbwa.