Mbili za Kila Rangi

Msafiri aliposhuka kubadilisha basi katika kituo asichokijua, hakuliona basi lake la jioni kwenye ubao wa umeme. Abiria wakamwelekeza chumba cha tiketi, amwulize dada mwandika programu za ubao. Dada huyo aliandika kwa Java, lugha ya kompyuta, huku akiimba puani. Kila akikwama, alimwaga peremende mezani, akazitenga kwa rangi, akala mbili tu za kila rangi.

“Dada, basi la milimani likiondoka tupu na leo, tajiri wa mabasi anaifuta njia,” karani wa tiketi akalalamika. “Ubao wako haulitaji kabisa!”

“Nimeuambia uonyeshe mabasi kumi ya kwanza, kwa makundi ya miji.”

“Kundi lenyewe moja, jiji kuu tupu!” Karani akachota peremende za juu kwenye pakiti, zote nyekundu, akazibwaga kinywani.

Dada akamtazama, wimbo ukakatika. “Ala! Kumbe nimeandika unavyokula wewe.” Alikuwa ameuagiza mkondo wa data ukate kumi kwanza, ndipo ugawe makundi; kwa hiyo mabasi ya jiji kuu, yaliyotangulia foleni, yakameza nafasi zote. Akageuza: gawa kwa miji kwanza, kisha chukua mawili ya kila mji.

Ubao ukawaka upya. Milimani ikatokea, na watu wakanyanyuka na mizigo yao. Dada naye akafunga kompyuta, akatimua mbio nyuma yao.

“Na wewe wapi?” karani akapaza sauti.

“Nyumbani! Ulidhani nahangaikia njia ya nani?” Akamgeukia msafiri mlangoni. “Lako la jioni, kaka, limo ubaoni. Kula peremende, ila mbili mbili!”

Msafiri akaketi, akaanza na za kijani.